Yowe Litoke Juu

Jumamosi ile ya zoezi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, watu mia moja arobaini na wanane wa kitongoji cha Nyamabare walikufa kwa mafanikio makubwa. Walikufa wakiwa na mapanga na majembe mikononi, na mama mmoja alikuja na mchi wa kinu. Walisimama ukingoni mwa kijito, chini kabisa ya jabali, wakihema, wakaulizana mwizi yuko wapi.

Kapteni Joviana Karugendo alikuwa amesimama ng'ambo ya kijito, saa mkononi, akitamani ardhi ipasuke immeze. Mpango ulikuwa wake. Aliuandika mwenyewe ofisini Bukoba, kurasa kumi na nne, na ndani yake ilisemwa waziwazi kwamba mlima ukionyesha dalili ya kuporomoka na yowe likipigwa, wakazi wote watapanda mlima na kukusanyika uwanja wa kanisa ndani ya dakika arobaini. Yowe lilipigwa. Kila mwenye miguu ya kukimbia aliteremka.

"Kapteni," alisema Luteni Kanali Kamala, mkuu wa kikosi chake, huku akifunga daftari taratibu. "Umenionyesha njia ya haraka kuliko zote ya kuwaingiza raia kwenye maporomoko. Dakika kumi na moja. Hata adui asingeweza."

Tusimcheke haraka. Katika nchi hii ya Muleba na jirani zake, enduru, yowe lile refu la kupokezana, ni sheria yenye umri mkubwa kuliko serikali. Ukilisikia unaacha ulichoshika, unachukua kilicho karibu, unakwenda linakotoka. Awe mwizi, uwe moto, awe mume aliyezidisha kipigo, unakwenda. Atakayebaki nyumbani ataulizwa kesho yake, na asipokuwa na jibu atahesabiwa upande wa mwizi. Joviana alizaliwa hapohapo Nyamabare, upande wa Ijumbi, akalisikia yowe hilo tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Kisha akasoma Kamachumu, akasoma chuo cha maofisa, akapata vyeti vya kutosha kuziba ufa wa ukuta. Alipopewa kazi ya kupanga tahadhari alifikiri vizuri kabisa: king'ora kinataka umeme, simu inataka mtandao, na mvua huviua vyote viwili, ila yowe linataka koo tu. Akamweka mpiga yowe kando ya kijito, mahali ambapo hatari huonekana kwanza. Alikumbuka kwamba kila mtu hulitii yowe, akasahau wanalitii kwa namna gani. Ndivyo usomi unavyotufanya sisi Wahaya. Tunabeba jibu miaka ishirini, swali tumelisahau darasani.

Wako watakaouliza jeshi linahusikaje na matope. Zamani lilikuwa halihusiki. Masika ilikuwa majira ya kupaka magari mafuta na kusubiri jua. Siku hizi mvua ya miezi mitatu inashuka kwa wiki tatu. Mto Kagera ukifurika kule kaskazini, wafugaji wa nchi hii na ya jirani hukimbilia mwinuko uleule mkavu na ng'ombe wao, kila mmoja na fimbo yake, na hakosekani mmoja mwenye bunduki. Mawe ya mpaka yakifunikwa na maji, nani amelisha wapi inakuwa kesi ya serikali mbili. Ziwa nalo likipanda, wavuvi waliopoteza mwalo wao huhamia mwalo wa wenzao, na hapo samaki hawavuliwi, hupigwa ngumi tu. Kwa hiyo siku ambayo mlima unataka kuanguka Muleba ndiyo siku ambayo askari wote wanatakiwa mpakani na ziwani. Joviana alikuwa amepima kwenye ramani: kutoka mpakani hadi Nyamabare ni saa sita kama madaraja yamesimama, na mwaka uliopita mawili hayakusimama.

Basi njia zilikuwa mbili. Ama Nyamabare ijiokoe yenyewe, ama ihamishwe kabla mvua hazijakolea. Kamati ya maafa ilikwishakata shauri: zoezi likishindikana, kaya zote arobaini na tatu zitapakiwa kwenye malori ya jeshi na kuwekwa kwenye mahema Kamachumu mpaka mwezi wa sita.

"Nimekuombea nafasi moja nyingine," Kamala alimwambia kabla ya kupanda gari. "Alhamisi, wiki tatu kuanzia sasa. Wakishuka tena, malori yanakuja Ijumaa. Na wewe ndiye utakayesimamia upakiaji, kwa sababu wanakufahamu."

Joviana alipiga saluti. Alijua kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kikiachwa miezi mitatu si kibanja tena. Mikungu ingekwenda na wezi, magugu yangepanda juu ya makaburi ya mababu yaliyomo humo humo migombani, na wenyewe wangerudi kama wageni kwao. Na alijua kuna mzee mmoja ambaye hatapanda lori hata kwa mtutu. Ingembidi aamuru askari wambebe baba yake mzazi juujuu kama gunia. Jambo hilo lilimtisha kuliko mlima.

Alipofika nyumbani aliwakuta wazee watatu wameketi, na baba yake, Karugendo, ameketi katikati yao kama hakimu. Karugendo alikuwa na miaka sabini na mmoja, mkulima wa kahawa, mwembamba, mwenye ulimi uliokwenda shule kuliko yeye mwenyewe.

"Kapteni," alianza, bila kumwita mwanangu. "Anayepiga yowe bila sababu hutozwa lubisi. Wazee wamekuja kwa hilo."

"Taata, lilikuwa zoezi."

"Yowe halina zoezi. Ningekupigia bomu la zoezi ungelipenda?"

Joviana alilipa. Madebe mawili ya pombe ya ndizi yaliletwa kutoka kwa jirani, na mtu wa kwanza kuonja alikuwa baba yake, akasema ni nzuri, binti yake akosee mara kwa mara. Wazee wakacheka. Joviana hakucheka. Aliwaeleza habari ya malori bila kuficha kitu, na kicheko kikakatika.

"Waitu, wazee wangu," alisema, "nina wiki tatu. Nataka kuwafundisha watu kwamba wakisikia yowe wakimbie upande wa pili."

"Hutaweza," alisema Byarugaba, mdogo wake Karugendo, mtu mkubwa, fundi wa kupasua mbao. "Ukilia uko shimoni, nitaingia shimoni. Miguu yangu haitaniuliza kwanza. Wala sitaki mtu anifundishe vingine, maana siku nikilia mimi, nani atakuja?"

"Mwacha mila ni mtumwa," aliongeza Karugendo, akajimiminia tena.

Joviana aliwatazama. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa sababu Byarugaba alisema kweli. Hakuna jeshi duniani lililo na amri kama ile, inayotiiwa na mtu kabla hajafikiri. Na yeye alitaka kuivunja.

"Mtakuja popote yowe linapotoka?" aliuliza.

"Popote."

"Hata likitoka juu kanisani?"

Karugendo alishusha kikombe. Akawageukia wenzake.

"Huyu mtoto," alisema, "lubisi imemwingia bila kunywa."

Mkutano wa kitongoji ulifanyika Jumapili iliyofuata, baada ya ibada zote mbili. Mpango mpya ulitosha kwenye nusu ukurasa. Mtu mmoja atakaa chini na redio ya jeshi, akiangalia kijito na ufa uliotokea kwenye jabali. Akiona dalili, hatasema chochote kwa yeyote, atasema kwenye redio tu. Juu, uwanja wa kanisa, mpiga yowe atapiga, na watu watafanya kile ambacho babu zao walifanya siku zote: watalikimbilia.

Kupata mpiga yowe hakukuwa taabu. Verdiana, mwalimu wa kwaya ya Walutheri, alikuwa na sauti ambayo Wakatoliki wa bondeni waliisikia wakiwa kwenye misa yao wenyewe na kuivumilia kwa ajili ya amani.

"Yaani matope yakija nikimbilie kwa Walutheri," alilalamika Karugendo.

"Mungu atajua ulikuwa unakimbia, hukuwa unahama dhehebu," Verdiana alimjibu.

Kazi ya kukaa chini ilikuwa na wagombea wachache zaidi. Karugendo aliinuka polepole, akakung'uta suruali.

"Kijito kinapita kwenye kibanja changu," alisema. "Kikikohoa mimi ndiye ninayesikia. Nipeni hiyo redio."

Joviana alitaka kukataa. Alifungua mdomo, akaona macho ya mkutano mzima yakimtazama kuona kama baba wa kapteni ni wa kukaa juu na watoto wa wengine wa kukaa chini. Akampa redio.

"Na huyo wa chini akipatwa yeye?" aliuliza Klaudia, mjane wa nyumba ya mwisho karibu na jabali.

"Ana redio," alisema Joviana. Jibu likamtosheleza kila mtu, na likamtosheleza yeye.

Wiki ya zoezi la pili mvua ilianza Jumatatu na haikupumzika. Jumanne kikosi chote kiliondoka kwenda mpakani; maji yalikuwa yamewasukuma wachungaji wa pande mbili kwenye kilima kimoja, na mtu mmoja alikwishapigwa mkuki wa paja. Joviana alibakiziwa askari mmoja, Koplo Clavery wa mawasiliano, kijana wa Kibeta aliyeogopa konokono tu. Jumatano mchana alipanda uwanja wa kanisa pamoja naye na Verdiana kuandaa mambo ya kesho yake. Saa nane, redio ikakohoa.

"Joviana, ni mimi baba yako."

"Taata, tulikubaliana useme 'Bonde'."

"Maji yamekata."

"Rudia."

"Mvua inanyesha na kijito kimekauka. Naona mawe ambayo sijayaona tangu nizaliwe."

Kijito hakikauki kwenye mvua. Huko juu, mahali fulani ndani ya korongo, mlima ulikuwa umeanguka na kuziba koo la maji, na maji yalikuwa yanajikusanya nyuma ya matope, dakika kwa dakika.

"Toka hapo sasa hivi."

"Wakishapita wa nyumba za mwisho," alisema Karugendo, na redio ikanyamaza.

Hakukuwa na nafasi ya kubishana. Joviana alimgeukia Verdiana, aliyekuwa amejifunika khanga kichwani chini ya upenu wa kanisa, akamwambia moja tu: "Piga."

Verdiana alitoka mvuani, akaweka viganja mdomoni, akapiga. Yowe lilishuka mlimani, likaingia migombani, na huko chini mtu wa kwanza akalipokea, na wa pili, na wa kumi. Kwa dakika mbili nzima hakuna kilichoonekana. Kisha migomba ikaanza kutikisika, watu wakachomoza, wakipanda. Walikuja na mapanga, bila shaka. Walikuja na majembe. Wengine walibeba watoto na wengine walibeba wazee, na Klaudia wa nyumba ya mwisho alifika na jogoo kwapani, akisema Karugendo alimfukuza kama mbuzi. Joviana aliwahesabu kwenye lango, akiwagusa mabega mmoja mmoja. Dakika thelathini na mbili. Mia mbili kumi na wawili.

Walipaswa kuwa mia mbili kumi na watatu.

Alihesabu tena, ingawa alijua. Alikuwa bado anahesabu mlima ulipoachia. Mngurumo ulikuwa kama malori mengi yakimwaga kokoto kwa mpigo mmoja, na ardhi ya uwanja ikatetemeka chini ya miguu yao. Migomba ililala, kisha ikatoweka. Nyumba kumi na moja, zikiwemo ya Klaudia na ya Karugendo, zilikwenda bila hata kuonekana zikianguka. Kina mama walilia. Clavery aliita kwenye redio, "Bonde, Bonde, jibu," mpaka Joviana akamshika mkono aache.

Byarugaba alikuja mbele yake na panga, nyuma yake wanaume kama arobaini.

"Tunashuka."

"Hakuna anayeshuka," alisema Joviana. "Matope yaliyofungwa huachia mara mbili. Tutangoja saa nzima."

"Ni kaka yangu. Ni baba yako."

"Najua ni baba yangu, baba mdogo. Nani amemsikia?"

Walitazamana. Hakuna aliyesikia chochote.

"Sawa," alisema Byarugaba kwa sauti ya chini. "Tutangoja. Lakini akipiga yowe, Joviana, hatutakuuliza. Na wewe unajua hatutakuuliza."

Alijua. Alikuwa na koplo mmoja na filimbi. Yowe moja tu kutoka bondeni na hakuna amri, wala lango, wala cheo ambacho kingewazuia watu wale. Wangemiminika wote, wanawake kwa wanaume, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza. Basi uwanja mzima ukanyamaza. Watu mia mbili kumi na wawili walisimama kwenye mvua wakitega masikio. Hakuna kitu Joviana alichowahi kukitaka maishani kama kuisikia sauti ile. Na wakati huohuo alimwomba Mungu isisikike. Maombi yote mawili yalikuwa ya kweli, na hakuona haya kwa lolote.

Dakika kumi zilipita, zikapita ishirini. Hapo alikubali kwamba baba yake amekufa. Alilia amesimama, na sare yake, mbele ya watu wote, na hakujifuta. Lakini mgongo wake haukubanduka langoni.

Dakika ya thelathini na nane mlima uliachia tena. Mara hii poromoko lilikuwa kubwa zaidi, na lilipotulia, njia ya miguu ya kushukia bondeni haikuwepo tena. Byarugaba alipatazama mahali ilipokuwa. Kisha akakaa chini kwenye matope, panga magotini, akajifunika uso.

Redio iliita. Ilikuwa sauti ya Kamala kutoka mpakani, ikikatikakatika.

"Wangapi, Kapteni?"

"Mia mbili kumi na wawili wako juu, Afande. Mmoja bado."

"Zoezi la kesho limefutwa," alisema Kamala. "Mtafute huyo mmoja."

Saa ilipotimia, Joviana alimchukua Byarugaba na Clavery, na kamba, wakapita kwenye mgongo wa mlima ambako mwamba ulikuwa mtupu. Hakutegemea kumkuta mzima. Alikwenda kwa sababu maiti ya Mhaya hailali popote tu. Walimkuta pembezoni mwa kibanja cha jirani, kwenye mibuni iliyosalia. Gogo lilikuwa limemlalia mguu, redio imezama, na matope yamemfika kifuani. Macho yalikuwa wazi. Yakapepesa.

"Taata."

Hakujibu, kwa sababu kola ya koti lake ilikuwa mdomoni. Alikuwa ameiuma mpaka imetoboka, na Joviana alilazimika kuitoa kwa vidole, taratibu, maana meno ya mzee yalikuwa yamekaza. Wakati Byarugaba anaminyana na gogo, Joviana aliinua kichwa. Kutoka pale alimsikia Verdiana kanisani akiita majina ya watoto. Alisikia jina moja moja, wazi kabisa. Na kama sauti ilishuka hivyo, ingepanda vilevile.

"Ulikuwa unatusikia," alisema. "Wakati wote."

"Nilimsikia na huyu mpumbavu akisema anashuka," alisema Karugendo, akimwonyesha mdogo wake kwa kidevu. Sauti yake ilikuwa kama karatasi.

"Ungeita, taata. Mara moja tu. Tungekusikia."

"Ndiyo," alisema mzee. "Mngekuja."

Byarugaba aliacha gogo kwa muda, akageuka upande, akarudi tena kulishika.

Walimtengenezea machela ya miti na makoti. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili, na njia ya mwambani haina huruma. Kila hatua ilimtikisa. Joviana alishika upande wa kichwa na hakuondoa macho usoni pake. Jasho lilimtoka mzee kwenye mvua, midomo ikawa ya kijivu, lakini hakutoa mguno hata mmoja, njia nzima, mpaka walipopita lango na kumlaza kwenye benchi chini ya upenu wa kanisa.

"Tuko juu?" aliuliza.

"Tuko juu, taata."

"Hakuna aliyebaki chini? Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Ulikuwa wewe tu."

Karugendo alifumba macho, akavuta pumzi mpaka mbavu zikahesabika, akapiga yowe. Lilikuwa refu, la maumivu ya saa mbili, likapasua uwanja na kuvuka bonde lililokufa. Na watu wote wa Nyamabare, waliokuwa wamesimama hatua kumi tu kutoka kwake, wakaokota walichoweza kuokota, wakamkimbilia.